Viazi vya msibani, na konfleksi juu

Mi nilipoambiwa nipeleke viazi vya msibani nikajua nimesikia vibaya. Jirani yangu hapa Salt Lake City, Marekani, kafiwa na mumewe, mzee mmoja mpole aliyekuwa ananiondolea theluji mlangoni bila kuombwa, sasa kina mama wa kanisani kwao wakawa wanagawana nani alete nini kwa chakula cha baada ya mazishi, nami nikasema jamani na mimi nipeni kitu, wakanipa viazi. Na ndo jina lake hilo kabisa, watu wa Utah, jimbo letu hili, wanaviita hivyo na wanajivunia navyo, ile Olimpiki ya majira ya baridi ya 2002 ilipofanyika hapa zilitoka mpaka beji zenye picha yake.

Kwetu Tanga msiba ni masufuria nje, moshi wa kuni, kina mama wanachambua mchele huku stori zinakwenda chini chini. Huku kila mtu anapika kwake, anakuja na trei imefunikwa foili na jina kalibandika chini ili trei isipotee.

Chenyewe ni viazi vilivyokwanguliwa, supu nzito ya kopo, sawakrimu (ile krimu nzito iliyochachushwa), siagi na chizi ya cheddar ya kutosha, halafu juu unamwaga konfleksi. Ndiyo, konfleksi zile zile za asubuhi, unazivunjavunja unazichanganya na siagi iliyoyeyushwa.

Wenyeji wananunua viazi vimeshakwanguliwa na kugandishwa, mi nikajitia mjuaji, nikakwangua vibichi. Msifanye. Vilibadilika rangi vikawa kama maji ya mtaro, vikatoa maji yao, na baada ya saa nzima kwenye oveni juu pameungua, chini ni supu, na kiazi bado kinalia kacha kacha mdomoni. Nikala mwenyewe siku mbili kwa hasira.

Mara ya pili nikachemsha kilo moja na maganda yake, kisu kinaingia ila kiazi hakijalegea, nikavilaza frijini usiku kucha ndo nikakwangua asubuhi. Hapo vinakaa vyuzi vyuzi vizuri. Supu wao wanaweka ya kuku, mi kwa sababu ya halali nikaweka ya uyoga kopo moja, sawakrimu vikombe viwili, chizi vikombe viwili, kitunguu kidogo. Chumvi usiweke kabla hujaonja, kopo na chizi vina chumvi tele. Oveni nyuzi 350 za kwao za Farenhaiti, kama 175 zetu za Selsiasi, dakika 45 mpaka pembeni panatokota.

Nikampigia mama wakati kinaiva.

"Umeweka nini humo mwanangu?"

"Chizi, mama."

"Chizi gani tena, kaja na nani?"

Ikabidi nimweleze ni jibini. Akauliza na pilipili je, nikamwambia hawali, akaguna tu. Ila nikakatia pilipili mbuzi nusu kwenye kona moja, nikachomeka kijiti cha meno pale ili watu wajue.

Kufika ukumbini naona mezani trei tatu za viazi hivyo hivyo, yangu ya nne! Hakuna aliyeshangaa. Na nilivyokula nikaelewa, ni chakula laini, hakina ladha kali, mtu aliyelia usiku kucha anakimeza bila kutafuna sana. Kile kijiti sijui nani alikichomoa, nikamwona babu mmoja kawa mwekundu anatafuta maji, akanywa, akarudi kuongeza kona ile ile.

Trei ilirudi Jumanne, imeoshwa safi, haina kitu. Mama alipouliza wamerudisha na nini ndani yake, nikamwambia biskuti.