Nilivyomuuguza binti yangu nyumbani, Ngamiani

Binti yangu alikuwa na miaka minne alipogundulika ana saratani ya damu. Mama yake alikuwa na mimba ya miezi minne. Ndiyo maana anayeandika hapa ni baba.

Mwezi wa kwanza wa matibabu tulilala hospitali ya Muhimbili, Dar, mimi na binti yangu, kwenye wodi ambayo karibu wote wanaouguza ni akina mama. Siku ya kuruhusiwa, nesi aliniuliza nani atamhudumia mtoto tukifika Tanga. Nikasema mama yake. Akanitazama: "Si ulisema ni mjamzito?" Akanieleza kwamba dawa za kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, hutoka mwilini kwa mkojo, kinyesi na matapishi, kwa siku mbili tatu baada ya mtoto kupewa, na mjamzito hatakiwi kuvigusa, wala kuvishika vidonge vyenyewe. Kuanzia hapo poti na mashuka vikawa kazi yangu.

Tumepanga chumba na sebule Ngamiani, uani tuko wapangaji watano, bomba moja. Nilinunua beseni jekundu la nguo zake peke yake na glavu boksi zima. Nasuuza kwanza, nafua kwa sabuni, narudia, naanika juani. Siku ya pili jirani alikuja kulishika beseni: "Shemeji, lete nikufulie, mwanamume hafui watu wakiona." Nikamwambia, "Ahsante dada, hizi zina dawa, niachie mwenyewe." Hakuuliza tena. Ila kila asubuhi nikitoka nakuta amesogeza nguo zake kwenye kamba, ametuachia upande unaopata jua mapema.

Lakini kama kuna jambo moja ningependa mzazi mwenzangu alijue, ni homa. Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo maambukizi yakiingia mwili hauna askari, na joto linaweza kuwa ndiyo dalili pekee utakayoiona. Sisi huku mtoto akichemka tunampa panadol, tunamkanda kwa maji, tunasubiri kukuche. Mara ya kwanza ndivyo tulivyofanya. Joto likashuka, akalala. Saa nane usiku akaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana. Tukakimbilia kituo cha jirani kwa bajaji, tukapanga foleni, akapimwa malaria. Hakuna malaria, tukaambiwa mrudisheni nyumbani. Nikapiga namba niliyopewa Muhimbili. Daktari akasema usirudi nyumbani, nenda hospitali ya Bombo sasa hivi, aanzishiwe antibiotiki kwa dripu bila kusubiri majibu. Alilazwa siku sita.

Siku zile sita sikupata usingizi kwa kuwaza ile panadol. Tulikuwa tumeificha homa kwa mikono yetu wenyewe. Sasa kipimajoto ndicho cha kwanza, dawa ya kutuliza haitolewi mpaka nimepima na nimepiga simu, na ikifika nyuzi 38 tunaondoka, hata kama anacheka na kucheza. Asprini na brufeni hazimo kabisa nyumbani, maana chembe sahani zake, zile zinazogandisha damu, zikiwa chini anaweza kuvuja damu. Barua ya daktari inayosema mtoto huyu yuko kwenye kemo na homa kwake ni dharura nimeitia kwenye mfuko wa nailoni, ipo kwenye msumari nyuma ya mlango, pamoja na namba ya dereva wa bajaji anayelala mtaa wa pili.

La wageni lilikuwa gumu kwa namna yake. Kwetu mgonjwa hajuliwi hali kwa simu. Watu wanakuja, wanamshika, wanamwombea, na wanakuja na watoto wao. Utamwambiaje shangazi aliyetoka Pangani kwa basi kwamba asiingie? Aliyetuokoa ni mama yangu. Alitandika mkeka kibarazani, akaweka birika la kahawa na kashata, akawa anawapokea hapo hapo: "Mtoto hajambo, dua zenu zimefika. Daktari kasema asishikwe, kaeni tuzungumze." Kwa mkubwa mwenzao walinyamaza, kwangu mimi wangenuna. Binti yangu alikuwa anapanda kwenye stuli, anashika nondo za dirisha, anawapa shikamoo mmoja mmoja. Hata hivyo tulichelewa kujua mtoto mmoja aliyesogea dirishani alikuwa na tetekuwanga. Nilipiga simu Muhimbili siku ile ile, wakanielekeza la kufanya, na binti yangu hakuugua.

Chakula kilibadilika kulingana na dawa. Alipokuwa kwenye prednisoloni, dawa inayoleta njaa kali, usiku wa manane ananiamsha: "Baba, wali na samaki." Nikawa nalala na kipande cha changu kilichoiva, namchemshia upya. Baadaye kinywa kikajaa vidonda, hata ndimu kwenye chukuchuku ikawa moto. Hapo ni uji wa mchele wenye tui, uliopoa, na kusukutua kwa maji ya chumvi. Maji ya kunywa yamechemshwa, kachumbari hapana, machungwa ya Muheza namenya mwenyewe.

Sasa yuko kwenye awamu ndefu ya vidonge. Matibabu yote ni miaka miwili hadi mitatu. Mekaptopurini kila usiku, methotreksati Ijumaa tu. Hiyo ya Ijumaa ikimezwa kila siku ni sumu, kwa hiyo naitunza kopo tofauti na nikishampa natia alama kwenye kalenda. Mdogo wake alizaliwa salama. Dada mtu anampakata, mimi nimekaa pembeni nimetanguliza mikono.

Jumatatu tunakwenda Dar kupima damu, kilomita 350 hivi, Segera, Chalinze, barakoa usoni. Tiketi nimeshakata. Ametaka dirishani.