Notsi za kompyuta za dogo: 45 ilivyoniponza

Juni 7
Pepa za Kidato cha Sita nilimaliza mwezi uliopita, sasa niko nyumbani Pasua nasubiri matokeo. Baridi ya Moshi ndiyo hii, mlima haujaonekana tangu Jumatatu. Dogo yuko likizo, Kidato cha Tatu, na somo la kompyuta linamtesa. Nimepekua daftari lake: kanakili ubao mzima, mpaka "itaendelea kipindi kijacho" kaiandika.

Nimeamua kumwandikia notsi mpya kwenye kaunta buku. Kila ukurasa napiga mstari kwa rula, kushoto swali, kulia jibu na njia yake. Akisoma anafunika upande wa kulia kwa karatasi, anajibu kwanza, ndipo anafunua. Swali naliandika kwa Kiingereza maana mtihani hauji kwa lugha nyingine. Maelezo ni Kiswahili.

Juni 10
RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inafutika ukizima) na diski (hifadhi ya kudumu) nimezieleza kwa genge la mama pale Mbuyuni. Meza ni RAM: bidhaa ziko karibu, mkono unafika mara moja, ila jioni meza inabaki tupu. Stoo ni diski. Mama alikuwa anachambua mchele, akadakia: "Kwa hiyo meza ikiwa ndogo, kutwa nzima ni kwenda na kurudi stoo." Ndiyo hasa sababu mashine yenye RAM kidogo inajikokota ukifungua programu nyingi. Nimeiandika sentensi yake kama ilivyo.

Kisha binari, yaani kuandika namba kwa 0 na 1 tu. Mfano wangu ni 45, unagawanya kwa 2 na kuandika baki:

45 → 22 baki 1
22 → 11 baki 0
11 → 5 baki 1
5 → 2 baki 1
2 → 1 baki 0
1 → 0 baki 1

Jibu 101101. Nimelizungushia kisanduku chekundu, ukurasa umependeza.

Juni 14
Zoezi. Nikampa 27, akapata 11011. Safi. Nikampa 50.

"Dada, 010011."

Hiyo ni 19. Nikamfokea kwamba hajasoma. Akanisogezea daftari: "Mbona nimefanya kama wewe?" Nikaangalia hesabu yake, kugawanya kote yuko sahihi. Baki amezisoma kutoka juu kwenda chini, wakati zinasomwa kutoka chini kwenda juu. Mimi hilo sikuliandika popote, mkono wangu umeshazoea. Na 45 haikumwambia kitu, kwa sababu 101101 ukiisoma kutoka juu au kutoka chini ni ileile! Hata 27 niliyompa kumpima iko hivyohivyo. Nimemfundisha kosa, nikampa na vema.

Sikulala vizuri, nasema kweli.

Juni 15
Ukurasa wa binari nimeuchana. Mpya unatumia 50, na unaeleza kwa nini tunaanzia chini: baki ya kwanza inasema kama namba ni shufwa au witiri, kwa hiyo nafasi yake ni mwisho kabisa kulia, kwenye mamoja. Hapo dogo akapata na njia ya kujikagua. 50 ni shufwa, jibu likiishia na 1 ni kosa, halihitaji hata kuhesabiwa tena.

Juni 19
Nimerudia kurasa zote nikisaka "45" nyingine. Zipo. Geti, yaani sehemu ya saketi inayopokea 0 na 1 na kutoa jibu moja: la AND nililieleza kwa 1 na 1, inatoka 1. Geti la OR nalo kwa 1 na 1, inatoka 1. Ni sawa na kumfundisha mtoto kuzidisha kwa 2 mara 2: akijumlisha bado anapata 4, nawe unampigia makofi. Nimeweka 1 na 0, hapo mageti yanaachana: AND inatoa 0, OR inatoa 1. Kwenye ukurasa wa masharti, programu inayosema nani kafaulu niliijaribu kwa alama 50. Nimebadilisha kuwa 30, maana ndipo D ya Kidato cha Nne inapoanzia, na aliyeandika "zaidi ya 30" badala ya "30 na kuendelea" anamfelisha mwenzake hapohapo.

Umeme ulikatika saa mbili usiku, ya mitandao nimeiacha.

Juni 25
Mifano sasa anatunga mwenyewe, kazi yangu ni kuuliza: mtu aliyekosea, mfano huu utamuumbua? Leo ilikuwa kutafuta jina kwenye orodha. Wa kwanza kaweka jina lililo juu kabisa, akaufuta mwenyewe, "huu hata haujazunguka." Wa pili, jina la mwisho. Chati yake ya hatua (flowchart) ikalipata. Kisha akanyamaza, akaandika jina ambalo halimo kabisa.

Chati ikazunguka, ikazunguka, haina pa kutokea. Kachukua ufutio, yuko ukurasa wa 31 anaichora upya.