Tumaini Linaloulizwa Habari Zake

Wapendwa katika Kristo, somo letu juma hili ni 1 Petro 3:15, mahali mtume anapotuagiza tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, tena kwa upole na kwa hofu. Tangu Jumatatu nimekaa na neno hilo "kumjibu". Hakuna jibu pasipo swali, na swali haliji ila jirani awe ameona kwetu jambo fulani, hata akataka kujua limetoka wapi.

Sisi Wakristo wa Unguja tu wachache, na majirani zetu karibu wote ni Waislamu, ambao wanatujua kwa namna tunavyolipa madeni dukani na tunavyosema na watoto wetu uani, kabla hawajatujua kwa mahubiri yoyote.

Mwezi uliopita, tulipomzika mama, bibi wa nyumba ya pili alikuja alfajiri na birika la chai ya tangawizi na sahani ya mikate ya kumimina iliyofunikwa kawa, akakaa nasi jamvini siku tatu. Usiku wa tatu, tulipokwisha kuimba, aliniuliza taratibu, "Mwanangu, mmefiwa, mbona mnaimba?" Nikamwambia, "Bibi, tunalia kweli, lakini tunaamini Bwana Yesu alifufuka, na mama tutaonana naye tena." Alinyamaza kitambo, akanishika mkono, akasema, "Mungu amrehemu." Sikuongeza neno. Aliuliza jambo moja, na nililomjibu ndilo lililo moyoni mwangu. Kuendelea kungaligeuza msiba kuwa mashindano.

Habari tuliyopewa ni njema kweli, na hapa kwetu tunaweza hata kuionyesha kwa kidole. Pale Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo, na husimuliwa kwamba madhabahu imesimama palipokuwa na mti waliofungwa watumwa wakachapwa. Edward Steere, aliyesimamia ujenzi ule akiwa askofu, alipofika Unguja mwaka 1864 alijitia kwanza katika kujifunza Kiswahili, akikaa na wenyeji na kuandika hadithi walizomsimulia, na kazi yake ya kutafsiri Maandiko ikatoka katika kusikiliza huko. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana mara nyingi sisi huanza ushuhuda kwa kutaja makosa ya mwenzetu, na mtu aliyekwisha kulaumiwa huziba masikio, hata habari yenyewe ikiwa ya uzima.

Basi juma hili kila mmoja wetu amtaje jirani mmoja kwa jina katika sala ya asubuhi, kisha akapige hodi kwake kumjulia hali tu. Mimi nitamtaja bibi yule, ambaye magoti yanamsumbua tangu masika, na Jumamosi nitampelekea kawa lake, ambalo bado liko jikoni kwetu.