Sheria ya kizuizini ilitangulia, ya jeshi ikafuata

Chukua sheria za Tanganyika za miaka mitano ya mwanzo ya Uhuru, uzipange kwa tarehe badala ya kuzipanga kwa mada kama tulivyozoeshwa chuoni. Utaona jambo ambalo katika vitabu vya historia huwa limetawanyika mno kuonekana. Serikali changa ilianza kujihami dhidi ya raia wasio na hata rungu. Wenye bunduki iliwaacha kambini, chini ya maofisa walewale Waingereza, na sheria ileile waliyoachiwa.

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Morogoro, mwanamke niliyezeekea kwenye korido za mahakama. Majalada ya sheria za mwaka kwa mwaka niliyanunua kwa familia ya wakili mmoja marehemu, waliokuwa wanataka tu kuondoa makaratasi ndani ya nyumba. Karani wangu anayachukia kwa sababu ya vumbi. Likizo ya mahakama ya Desemba ndiyo iliyonipa nafasi ya kuyapanga kwa tarehe, na tangu hapo nimekuwa nikiwachosha watu na hoja hii. Sasa ni zamu yenu.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Januari 1962 Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, akamwachia Rashidi Kawawa. Mwaka huo wa Kawawa ulikuwa na kazi ya kutisha. Ikaja sheria ya migogoro ya kazi, iliyofanya mgomo halali uwe kitu kigumu kupatikana. Wakaja wakuu wa mikoa na wakuu wa maeneo, wanasiasa waliokalia viti vya mabwana shauri wa kikoloni, wakapewa mamlaka ya kumweka mtu ndani kwa saa 48. Na ikaja Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962: Rais akiona mtu ni hatari kwa usalama wa nchi anaweza kumfungia bila mashtaka, na amri yake haihojiwi mahakamani. Mwaka 1963 machifu wakafutiwa mamlaka yao ya utawala, na umiliki wa ardhi wa kudumu ukageuzwa kuwa wa kupangishwa na Serikali.

Sisemi zote zilikuwa mbaya. Ile ya ardhi nimeitetea mbele ya wateja walionikasirikia, na bado naitetea. Ninachosema ni kwamba ndani ya miezi kama ishirini na nne Bunge lilimshughulikia mfanyakazi, chifu, mwenye shamba na mpinzani, kila mmoja kwa sheria yake. Jeshi lilibadilishiwa jina tu. Kikosi cha 6 cha King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, kikaitwa Tanganyika Rifles, batalioni ya kwanza ikikaa Colito nje kidogo ya Dar es Salaam na ya pili Tabora. Kamanda alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas. Hata jina la kambi lilibaki: Colito ni mahali Ethiopia ambako askari wa KAR walipigana na Waitaliano mwaka 1941, wakimpigania mfalme wa Uingereza.

Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa shilingi 105 kwa mwezi. Weka hilo akilini. Makarani waliokuwa wanapanda vyeo maofisini walikuwa wanamwona Mwingereza anafunga mizigo, na kiti chake kinabaki wazi. Askari alikuwa anampigia saluti Mwingereza yuleyule wa jana. Kisha tarehe 7 Januari 1964 Mwalimu akatangaza kwamba upendeleo kwa Waafrika katika ajira za Serikali umekwisha, raia wote ni sawa bila kujali rangi. Mimi naliona lile kuwa tangazo la heshima kubwa. Lakini jaribu kulisikia ukiwa bwenini Colito na shilingi zako 105.

Siku tano baadaye Zanzibar ikapinduka. Serikali ya Tanganyika ikapeleka mamia ya polisi kisiwani kusaidia kutuliza hali, na Dar es Salaam ikabaki na ulinzi mwembamba. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari askari wa Colito wakawakamata maofisa wao, wakashika sehemu muhimu za mji, wakamtafuta Rais wasimpate. Mwalimu na Kawawa walikuwa wamekwisha kuvushwa upande wa Kigamboni. Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi, akaenda kambini kuongea nao. Walitaka Waingereza waondoke na mshahara uwe shilingi 260. Maofisa wa Kiingereza wakapakiwa ndege kwenda Nairobi, na Luteni Elisha Kavana akajikuta amefanywa kamanda na watu ambao yeye hakuwaongoza kuasi. Mjini maduka yaliporwa na watu wakauawa. Tabora nao wakaasi.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo kama mwanasheria. Kulikuwa na sheria ya kizuizini, safi, imepigwa mhuri. Wakuu wa mikoa walikuwa na saa zao 48. Hakuna hata kifungu kimoja kati ya hivyo kilichoweza kumtoa askari mmoja getini. Sheria za namna hiyo humtisha mtu anayetii amri ya polisi. Kwa mtu aliyeshika ghala la silaha ni karatasi.

Mwalimu alilazimika kuwaita waliokuwa watawala. Alfajiri ya tarehe 25 Januari makomando wa Kiingereza walishuka Colito kwa helikopta kutoka meli ya Centaur, wakalipiga jengo la walinzi, na muda haukupita mrefu askari wakajisalimisha. Walikufa wachache. Wiki hiyohiyo askari wa Jinja nchini Uganda na wa Lanet nchini Kenya nao waliasi, na huko pia Waingereza waliitwa. Uganda iliwaongezea askari wake mishahara na wengi wao wakabaki kazini. Yaliyoipata Uganda kwa mikono ya jeshi baada ya hapo mnayajua. Tanganyika ilifanya kinyume. Ililivunja jeshi karibu lote, na Mwalimu akawaambia vijana wa TANU waende ofisi za chama wakajiandikishe ili jeshi jipya lijengwe kutoka kwao. Mwezi Februari mawaziri wa nchi huru za Afrika walikutana Dar es Salaam kwa ombi lake, na wanajeshi wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza. Mwalimu hakuficha kwamba lile lilikuwa jambo la fedheha.

Waasi walishtakiwa mbele ya mahakama maalumu ya kijeshi chini ya Jaji Mkuu, Sir Ralph Windham. Adhabu kubwa kuliko zote ilikuwa miaka 15, kwa Sajini Hingo Ilogi. Mwalimu aliona adhabu zile ni ndogo mno, lakini hakuzigusa, maana mahakama ilikwisha kusema. Ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa hotuba zake nyingi.

Tatizo langu ni upande wa pili wa leja. Mtu aliyeasi na bunduki alipata hakimu, mashtaka, utetezi na hukumu yenye tarehe ya kwisha. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi wapatao 200, ambao hawakuvamia kambi, walikamatwa siku zilezile, na waliowekwa kizuizini hawakupata hata kimojawapo cha hivyo. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuunda NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya mkono wa Serikali, na shirikisho lao la zamani, TFL, likafa. Yaani jeshi liliasi, na vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyofutwa. Najua jibu la wazee wa chama: kulikuwa na dalili za viongozi hao kuwasiliana na askari. Sawa, wangeshtakiwa basi. Ilogi alishtakiwa.

Baada ya hapo ndipo sheria za jeshi zilipoanza kuja. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa limeanzishwa Julai 1963, likapata sheria yake mwaka 1964. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, likiwa na mkuu wake Mtanzania, Mirisho Sarakikya. Colito ikaitwa Lugalo, kwa kumbukumbu ya Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walipoliangamiza jeshi la Wajerumani chini ya Zelewski. Jina hilo nalipenda sana, nami nimekula ugali wa Iringa.

Sheria yenyewe ya Ulinzi wa Taifa ilikuja mwaka 1966, miaka mitano baada ya Uhuru. Ukiisoma sehemu ya kanuni za nidhamu, kuanzia jina lake, unamwona Mkanada. Si ajabu: kati ya 1965 na 1970 Kanada ilikuwa na timu ya washauri wa kijeshi nchini. Wakati huohuo Wachina walikuwa wanatupa silaha na wakufunzi, na Wajerumani wa Magharibi, waliokuwa waanzishe tawi la anga, walikwisha kuondoka kwa ugomvi wa ubalozi wa Ujerumani Mashariki uliokuwa Zanzibar. Kuruta wa mwaka 1967 angeweza kushika bunduki ya Kichina na kuadhibiwa kwa kifungu cha Ottawa. Kama kazi ya uandishi wa sheria, hata hivyo, naikubali. Imetenganisha kosa dogo la kikosini na kosa la kwenda mahakama ya kijeshi, na imesema nani anamhukumu nani. Mambo ya namna hiyo ndiyo yanayomfanya askari aamini kwamba manung'uniko yake yana njia nyingine zaidi ya kuvunja mlango wa ghala.

Hiyo JKT mimi nimeipitia mwilini. Nilikwenda Mafinga baada ya kidato cha sita, miaka ya themanini, kwa mujibu wa sheria. Na sisi ndio tuliitwa hivyo, "mujibu", kama vile ni kabila. Mchakamchaka kwenye baridi ile, kwata, fatiki, na afande mmoja aliyeamini kwamba mtu anayetaka kusomea sheria anahitaji kuchimba mitaro zaidi ya wengine. Kifungu kilichonipeleka kule nilikuja kukisoma nikiwa chuo kikuu. Na chuoni ndiko nilikopata habari ya Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga miezi ya kambi na kipindi cha kufanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Waliobeba bango la kusema ukoloni ulikuwa afadhali walimchoma Mwalimu pabaya. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao, naye akajikata mshahara wake kwa asilimia 20. Mujibu ilisimamishwa mwaka 1994, ikarudi 2013, na binti yangu aliporudi kambini mikono yake ilikuwa imekomaa kuliko yangu. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake.

Jeshi lenyewe limepitia mlango na kurudi. Kuanzia 1964 askari waliruhusiwa, kisha wakahimizwa, kuwa wanachama wa TANU, kwa hoja kwamba aliye ndani ya chama hatakipindua. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992 ikabidi watoke. Ibara ya 147 ya Katiba sasa inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, na inamkataza mtu yeyote asiye Serikali kuunda jeshi. Huo ni mgeuko kamili, umefanyika bila risasi, na sioni tukijipongeza vya kutosha.

Zile za 1962 hazikupata mgeuko wa namna hiyo. Tume ya Jaji Nyalali, ileile iliyopendekeza vyama vingi, ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, ya kizuizini ikiwemo. Tume ilitoa ripoti mwaka 1992. Sheria ikabaki vitabuni. Zile saa 48 za wakuu zilihamia Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, kifungu cha 7 kwa mkuu wa mkoa na cha 15 kwa mkuu wa wilaya.

Kifungu cha 15 nimekutana nacho uso kwa uso. Wilaya moja ya ukanda huu, siitaji, mkulima aliuliza swali kwenye mkutano wa hadhara kuhusu mpaka wa shamba na malisho. Akauliza mara ya pili, maana halikujibiwa. Alilala mahabusu. Nilipofika kituoni asubuhi nikauliza kosa, nikaambiwa ni maelekezo. Nikafungua kitabu kaunta, nikamwonyesha afande kwamba sheria inataka kosa ambalo mtu anaweza kushtakiwa nalo, na kwamba apelekwe kwa hakimu kabla saa hizo hazijaisha. Alikisoma taratibu, kwa nia njema kabisa, kisha akaniuliza kama hiyo sheria ni mpya.

Mteja wangu aliachiwa jioni, bila mashtaka. Alitaka tumshtaki mkuu wa wilaya. Mkewe akamwomba aache, kwa sababu ng'ombe bado walikuwa wanapita shambani na huyohuyo mkuu ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama. Faili nimelifunga lakini sijalitupa.

Mwenye nakala za Gazeti la Serikali la Januari hadi Machi 1964 aniandikie. Jalada langu la mwaka huo limeliwa na mchwa kuanzia nyuma, na sheria ya NUTA ndipo ilipokuwa.