Yai bichi liliniaibisha mimbarini, mrija ndo ukaniokoa

Wapendwa, mimi sauti yangu nilikuwa naitumia kwa ubabe tu. Miaka sita nahubiri ibada mbili kila Jumapili, sijui koo wala pumzi ni nini, ilipoongezwa ibada ya tatu ndo nikajua kumbe siku zote nilikuwa nakula mtaji. Ibada ya tatu sauti inakwaruza kama bati linaburutwa, Jumatatu naongea na watoto kwa ishara na wao wanajifanya hawanielewi makusudi.

Ushauri ukaja kama mvua. Mmoja akasema mtumishi hiyo ni vita, funga. Nikafunga kavu, hata maji sikugusa, nikapanda. Dakika ya arobaini hivi naona kila muumini wa mstari wa mbele amekuwa wawili, jasho la baridi, magoti nimeyakaza kama mlingoti, nikaikumbatia mimbari nikanyamaza. Watu wakadhani upako umeshuka, vigelegele! Jamani nilikuwa naanguka. Daktari akanieleza baadaye kwamba ukisimama muda mrefu umekaza magoti damu inatuama miguuni, kichwani inapungua, ukiongeza na kiu ndo umejimaliza mwenyewe. Siku hizi nikihubiri nalegeza magoti, natembea, na siku ya kufunga kavu sio siku ya ibada tatu, anayetaka kunisema na aseme.

Sasa yai. Mzee mmoja wa kanisa, nampenda sana, akaniapia kwamba yai bichi linalainisha koo. Nikameza mawili ofisini dakika tano kabla ya kupanda, ute wake unateleza kooni unakatika katikati unarudi, nikafumba macho nikalazimisha. Nikapanda. "Bwana asifi..." ikatoka mbeuo, ndani ya maiki, na fundi mitambo alikuwa ameshaongeza sauti kwa kunihurumia. Kwaya nzima iliinama. Na sauti bado ilikata ibada ya tatu! Kumbe chochote unachomeza kinapita njia ya chakula, nyuzi za sauti ziko njia ya hewa, na ukimeza mlango wake unajifunga. Yai, asali, tangawizi, hakuna kinachozigusa, kikizigusa utakohoa mpaka machozi. Hata maji yanazifikia kwa kuzunguka mwilini kwanza, kwa hiyo mimi naanza kunywa Jumamosi, kidogo kidogo, sio kubugia chupa nzima mimbarini halafu unakatisha mahubiri kwenda chooni (nayo ilinitokea, tuiache).

Kilichonivusha hasa ni mwalimu wa kwaya na mrija wake. Unachukua glasi ya maji nusu, unazamisha mrija kama vidole viwili, unaguna "uuu" kupitia mrija maji yanatoa mapovu, sauti unaipandisha na kuishusha kama king'ora. Dakika tano tu. Mapovu yakitoka kwa kurukaruka ujue pumzi yako haijatulia, yakitoka sawasawa basi tumbo ndo linasukuma na koo limepumzika. Mke wangu siku ya kwanza alichungulia akafunga mlango taratibu bila kuuliza. Mimi napigia na tenzi kabisa humo kwenye glasi, nafanya kabla ya ibada na katikati ya ibada, na ile ya tatu sasa naimaliza na bado nasalimia watu mlangoni.

Kunong'ona nako niliacha, nilidhani napumzisha sauti kumbe kunong'ona kwa kulazimisha kunaichosha. Kukohoa kusafisha koo kila dakika nako hivyo hivyo, meza mate tu. Na maiki isogeze mdomoni, ipo kwa ajili hiyo, mbona tunapiga kelele kama haijawashwa? Ila sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu usije kwangu kuomba mrija, nenda kwa daktari wa koo.

Usingizi ndo ulinisumbua, nilikuwa naona kulala mapema Jumamosi ni uvivu. Halafu nikamsoma tena Eliya, 1 Wafalme 19, mtu amechoka mpaka anaomba afe, malaika hakumkemea wala kumhubiria, alimwambia inuka ule, akala mkate na maji akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndo akatembea siku arobaini. Basi saa nne usiku simu nazima.

Yule mzee bado ananiletea mayai kila Jumapili, anasema naona yamefanya kazi mchungaji. Nasema amina mzee wangu, na Jumatatu tunayakaanga.