Mtambo wa maji moto wa gazi ukikataa kuwaka

Hapa Bukavu nyumba nyingi hutegemea tanki la maji lililowekwa juu, na hapo ndipo shida nyingi huanzia. Ndani ya mtambo mna mpira mwembamba unaosukumwa na maji. Usiposukumwa, swichi haiunganishi umeme na cheche haitoki. Kila mita 1 ya kimo hutoa presha ya bari 0.1 tu, na mitambo mingi huomba 0.2 au 0.3. Tanki likiwa mita 1 juu ya mtambo, usilaumu gazi. Nyanyua tanki. Lakini kwanza funga maji, fungua kichujio cha mahali maji yanapoingilia, ukisugue kwa mswaki: mchanga hujaa humo.

Cheche hafifu? Badilisha betri zote mbili, si moja.

Mtambo ukiwaka kisha ukazimika baada ya sekunde chache, safisha taratibu ncha ya kipima moto, yaani kijiti kinachohisi kama moto unawaka; masizi huifunika. Ukififia baada ya dakika kadhaa, gusa chupa ya gazi. Mtambo wa lita 6 kwa dakika hula karibu kilo 1 ya gazi kwa saa. Kwa kasi hiyo chupa ya kilo 6 hupoa, presha ya gazi ikashuka. Tumia ya kilo 12 au zaidi.

Moto wa manjano ni hatari: hewa haitoshi, na hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Zima, fungua madirisha, ita fundi. Tafadhali, mtambo usio na bomba la moshi usifungwe kamwe ndani ya bafu.