Gego langu lilivyoshushwa daraja na bima, na nilivyolirudisha

Makadirio ya kung'oa magego yangu mawili ya mwisho ya chini, niliyopewa na kituo cha upasuaji wa kinywa, yalikuwa na mistari miwili ya maana: jino namba 17, msimbo wa kazi D7240, dola 700, jino namba 32, D7240, dola 700. Bima yangu ya meno hulipa nusu ya gharama za upasuaji wa kinywa, kwa hiyo nilitakiwa niandae dola 700 za mfukoni. Karani alinionyesha kwa kidole mahali pa kusaini, akarudi kwenye simu yake.

Sikusaini siku ile. Gego moja nilikuwa naligusa kwa ulimi kila siku, maana lilikuwa limetoka nusu na fizi ya juu yake ilikuwa ikivimba na kuuma kila baada ya muda. La pili sijawahi kuliona wala kulihisi. Lilijulikana tu kwenye picha, limelala chali ndani ya taya kama mtu aliyekataa kuamka. Vitu viwili vinavyotofautiana kiasi hicho vimepewaje jina moja na bei moja?

Kwanza hizo namba za meno. Hapa Marekani hesabu huanzia gego la mwisho la juu kulia, namba 1, inazunguka hadi la juu kushoto, 16, inashuka kwenye la chini kushoto, 17, na kuishia chini kulia, 32. Ukiwa na faili la meno kutoka nchi nyingine usishangae kukuta hayo ya chini yameandikwa 38 na 48. Ni mfumo tofauti, meno ni yaleyale.

Misimbo inayoanza na D ni ya Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani. Hurekebishwa kila mwaka na matoleo mapya huanza kutumika Januari 1, na kwa HIPAA, sheria ya Marekani ya 1996 kuhusu bima na taarifa za afya, ndiyo misimbo inayotakiwa kwenye madai ya meno yanayotumwa kwa mtandao. Mimi nilihitaji michache tu. D7140 ni kung'oa jino la kawaida lililokwisha kutoka. D7210 ni jino lililotoka, ila kuling'oa kunahitaji kuondoa mfupa au kulikatakata. Halafu yanakuja meno yaliyokwama: D7220 ni lililofunikwa na fizi peke yake, D7230 ni lile ambalo sehemu ya taji lake, yaani kichwa cha jino kilicho juu ya mizizi, imefunikwa na mfupa, D7240 ni lile ambalo taji lote au sehemu yake kubwa limo ndani ya mfupa. Juu ya hapo kuna D7241, ambayo ni D7240 yenye matatizo yasiyo ya kawaida, mfano jino lililokaa mkao wa ajabu au linalomlazimu daktari kuutenganisha mshipa wa fahamu.

Haya yote alinielezea dada mmoja tunayesali naye, ambaye kazi yake ni kuandaa madai ya bima kwenye kituo kingine cha meno. Nilimpigia nikitarajia anifundishe jinsi ya kuomba punguzo. Akacheka.

"Kaka, wewe usibishane nao bei. Bishana nao mfupa."

Akanieleza kwamba msimbo hauulizi daktari alitoka jasho kiasi gani wala alitumia saa ngapi. Unauliza kitu kimoja: taji la jino lilikuwa limefunikwa na nini kabla hajaligusa? Basi. Jino ninaloligusa kwa ulimi, lenye taji lililochungulia nje ya fizi, haliwezi kuwa na taji lililozama lote ndani ya mfupa. "Hilo la kushoto ni D7230," alisema, "na ikiwa mfupa haupo kabisa juu ya taji basi hata hiyo D7230 haifai. Waombe walitazame tena kwenye picha."

Nilirudi kituoni na swali hilo moja, bila ugomvi. Yule karani alimuita daktari, daktari akafungua picha ya panorama, ile inayoonyesha taya zote mbili kwa pamoja, akaonyesha kwa kalamu mstari wa mfupa ulivyokuwa umepanda nyuma ya taji la jino namba 17 na kulifunika upande mmoja. Sehemu. Makadirio mapya yakatoka: 17 kwa D7230, dola 480, 32 kwa D7240, dola 700. Jumla 1,180, nusu yangu 590. Walikuwa wamejaza mistari yote miwili kwa namna moja kwa haraka tu, naamini, maana hakuna aliyebisha hata kidogo.

Siku hiyohiyo nikauliza kuhusu usingizi. Makadirio yalikuwa na mistari mingine ya D9222 na D9223, ambayo ni dawa ya kulaza, na huhesabiwa kwa vipande vya dakika 15: cha kwanza kina msimbo wake, na kila kinachofuata kina wake. Sindano ya ganzi, kwa upande mwingine, ilikuwa ndani ya bei ya kung'oa, na vilevile nyuzi za kushona. Nilimuuliza daktari kama kwa hali ya meno yangu kuna ubaya wa kufanyiwa kwa ganzi tu. Akasema hakuna, mradi siogopi sauti. Nikachagua ganzi. Sisemi kila mtu afanye hivyo. Anayetetemeka akiona sindano alipe alazwe, hizo ni pesa halali kabisa.

Bima yangu ya afya nayo niliiuliza mapema, kwa maandishi, kwa sababu zipo zinazokubali kulipia meno yaliyozama kwenye mfupa, na zipo bima za meno zinazotaka jibu la ile ya afya kabla hazijatoa senti. Huko wanataka pia msimbo wa ugonjwa, ambao kwa meno yaliyokwama ni K01.1. Jibu lilikuwa hapana. Nikaliweka kwenye faili.

Jambo lililomtia daktari wasiwasi zaidi halikuwa la pesa. Mizizi ya jino namba 32 ilionekana kugusana na mfereji wa mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya ya chini, ule unaoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Picha bapa haiwezi kusema kama mzizi uko mbele ya mfereji, nyuma yake, au umeukumbatia. Kwa hiyo nikapigwa picha ya pande tatu, inayokatwa vipande vyembamba mfano wa mkate. Ikaonekana kuna utando mwembamba wa mfupa kati ya mzizi na mfereji. Kama usingekuwepo, alisema, tungezungumzia kukata taji na kuiacha mizizi mahali pake, kazi yenye msimbo wake, D7251. Picha hiyo ilikuja kunifaa kwa namna ambayo hata yeye hakuipanga.

Upasuaji wenyewe. Ganzi inaua maumivu, haiui kusukumwa. Nilihisi fizi ikifunuliwa, nikasikia mashine ikichimba mfupa kwa mlio wa juu, na maji yakifyonzwa kwenye kona ya mdomo. Jino namba 32, lile la kutisha, lilikatwa vipande vitatu. Daktari alitumbukiza kifaa chembamba kwenye mfereji aliouchonga katikati ya taji, akazungusha kifundo cha mkono, na kukatokea mlio mkavu, *ka!*, ambao sikuusikia kwa masikio. Niliusikia ndani ya fuvu. Vipande vikatoka kimoja kimoja, vikawekwa kwenye trei. Nikadhani magumu yameisha.

Kumbe. Jino namba 17, la bei ndogo, lilikuwa na mzizi uliopinda mwishoni kama ndoana. Ulivunjika, ukabaki chini, na daktari alihangaika nao muda mrefu kuliko alioutumia kwa lile jingine zima. Msaidizi alibadilisha mkono wa kushikia shavu langu. Nikiwa nimeduwaa na mdomo wazi nikayakumbuka maneno ya yule dada: msimbo hauulizi jasho. Jino lililomchosha daktari lililipiwa dola 480, na lililotoka kwa utulivu 700.

Nyumbani ilikuwa mambo ya kawaida: kuuma kitambaa cha pamba hadi damu isimame, barafu shavuni, uji uliopoa, kutosukutua siku ya kwanza, na baada ya hapo kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Hakuna mrija, hakuna sigara, kwa kuwa lile donge la damu likichomoka mfupa unabaki wazi na maumivu yake watu huyasimulia kwa miaka. Mdomo wa chini ulirudi kuwa na hisia jioni ileile, nami niliubonyezabonyeza kwa kidole kama mtu anayehesabu mshahara.

Kisha ikaja taarifa ya malipo kutoka bima. Jino 17, D7230, wamelipa 240. Jino 32, walilopelekewa kama D7240, wameligeuza kuwa D7230, wamelipa 240. Kituo hakikuwa na mkataba na bima yangu, kwa hiyo pengo lote liliniangukia mimi: 1,180 toa 480. Dola 700. Namba ileile niliyokataa kuisaini. Dola 110 nilizookoa upande mmoja zilikuwa zimetoroka upande wa pili, na kwangu hizo ni karibu zamu nzima ya usiku baada ya kodi.

Kituo nililipa. Kilikuwa kimefanya kazi yake, na deni la hospitali likikaa sana huku hupelekwa kwa wakusanya madeni. Ugomvi wangu ulikuwa na bima, na taarifa yenyewe ilisema nina siku 180 za kukata rufaa.

Nilianza kwa kuomba nakala za kila kilichotumwa. Hapo ndipo jambo lote lilipofunguka. Kituo kilikuwa kimetuma fomu ya madai na ile picha ya panorama basi, na kwenye picha hiyo kona ya juu ya taji la jino 32 ilikuwa imefunikwa na kivuli cha jino la jirani, kiasi kwamba mkaguzi anayetafuta sababu ya kusema "sehemu" angeipata. Maelezo ya upasuaji nayo yalisema fizi ilifunuliwa, mfupa ukaondolewa, jino likakatwa na kutolewa. Maelezo ya kweli kabisa, lakini ukisoma tafsiri ya D7230 na ya D7240 utaona kufunua fizi na kuondoa mfupa kumo kwenye zote mbili. Kinachozitenganisha ni taji limefunikwa kiasi gani, na hilo halikuandikwa popote.

Nilimwandikia daktari ujumbe mfupi. Sikumwomba abadilishe kumbukumbu, hilo lingekuwa kosa kwake na kwangu. Nilimwomba anieleze kwa barua alichokiona kwenye picha ya pande tatu na alichokikuta alipofunua fizi, hasa kuhusu taji. Alijibu kwa aya moja: jino limelala kwa ulalo, uso wa kutafunia ukitazama jino 31, taji lote likiwa chini ya mfupa, na alilazimika kuondoa mfupa wa juu kabla ya kuona sehemu yoyote ya jino. Akaambatanisha vipande viwili vya ile picha vinavyoonyesha hivyo.

Barua yangu kwa bima haikuzidi nusu ukurasa. Nilitaja namba ya madai, jino 32, msimbo uliotumwa na msimbo waliolipa. Nikanukuu maneno ya tafsiri ya D7240, nikaonyesha barua ya daktari na vipande vya picha vinavyolingana nayo, nikaomba ipitiwe na daktari wa meno asiyehusika na uamuzi wa kwanza. Sikuandika kwamba niliumia au kwamba ni ghali, ingawa kidole kiliniwasha. Yule dada aliisoma, akafuta sentensi yangu moja ya kulalamika iliyokuwa imeponyoka, akasema sasa tuma, kwa rejista.

Walijibu. Jino 32 likarudishwa D7240, wakapeleka dola 110 kituoni bila neno la pole, na kwa kuwa nilikuwa nimeshalipa yote, kituo kikawa kinadaiwa na mimi. Karani, yuleyule, akauliza kama hizo pesa zibaki kwenye akaunti yangu kwa ajili ya gego la juu. Nikamwambia anipe hundi. Hilo la juu limetoka vizuri, halina ugomvi na mtu.